Ruhusa ya Maurice

Teksi ilishapita Al Thumama, kule Doha, taa za uwanja wa ndege zinaonekana, na Maurice alikuwa ameshika pasipoti mkononi tangu tutoke Al Rayyan. Joram alikaa kiti cha mbele. Mimi na Joram, wenzake wa chumba, tulikuwa tunamsindikiza Maurice akaone kaburi la mama yake.

Ramadhani ya 2015 ilipoanza, mama alikuwa hai. Mgonjwa, lakini anaongea kwa simu: "Njoo nikuone, baba." Maurice alikuwa dereva kwa tajiri mmoja Mkatari, na enzi hizo hutoki nchini bila ruhusa ya mwajiri, hata ufiwe.

Joram, mlinzi kule The Pearl, kwenye maghorofa ya matajiri, alikuwa ameokota kitabu alichotupa mpangaji: mawaidha ya Mwingereza wa zamani kwa mwanawe, ya miaka mia nne hivi. Alikiamini mno. Akatusomea kwamba mwenye busara hamwombi mkubwa aliye na njaa. Huchagua saa yake.

"Umesikia, Moris? Bosi amefunga, na jua hili! Ngoja Idi, atakuwa amechangamka."

"Na mama je?"

"Amekungoja miaka, bro, atashindwa wiki chache? Bosi akikataa mara moja, imekwisha hiyo."

Maurice akangoja. Asubuhi ya Idi bosi na familia yake wakapanda ndege kwenda Ulaya kukimbia joto.

Faridah, Mganda aliyempikia bosi, alimkuta Maurice amekaa garini.

"Ssebo, ulikuwa wapi? Mwezi mzima, akishafuturu, anakaa barazani, na kila aliyemwendea amepewa. Hata mtunza bustani ameenda kuoa!"

"Nilingoja mfungo uishe."

"Uishe? Si huo ndio mwezi wao wa kutoa! Ninyi Wakristo bwana, hamjui hata siku ya kuomba."

Bosi akiwa bado huko, simu hapokei, mama akafa, akazikwa. Ruhusa ilitoka bosi aliporudi.

Pale uwanjani Joram alishika begi. "Moris, kaka, mimi nilidhani..."

"Wewe soma tu," Maurice alisema. "Unasoma vizuri." Akalichukua begi lake, akaingia.

Hakurudi Doha. Anaendesha lori la miwa kwao Mumias, Kenya. Joram alihamia Dubai, hawajaongea tena. Faridah ameolewa Masaka. Bosi alipata dereva Mnepali. Mimi niko Muscat, kwa sasa.