Kahawa ya Tatu kwa Mama Askale

Wiki nzima Mama Askale alitembea na maneno yake mdomoni kama fundi aliyebana sindano kwa meno: "Wanangu, Jumapili hii ndiyo ya mwisho." Aliyasema akichota unga, akayasema akipuliza moto, akayasema akijigeuza kitandani. Na kosa alilofanya, kosa la mtu mzima aliyepaswa kujua, ni kumwambia pia Tirunesh wa nyumba ya pili huku akimsihi yasitoke. Kumwambia Tirunesh jambo lisitoke ni sawa na kulianika kwenye kamba ya nguo.

"Si kwamba nawachukia," alimwambia. "Nimechoka, Tiru. Siku sita naamka saa tisa za usiku nioke mikate ya injera ya watu wa mahoteli. Miguu imevimba, macho yananiwasha kwa moshi. Siku ya saba nataka nilale. Nilale tu."

"Wafukuze, mama. Nyumba ni yako."

"Siwafukuzi. Nitawaambia vizuri, wakimaliza kahawa ya tatu."

Hao vijana hawakuwa wake hata kidogo. Walikuwa wa Kirubel, mwanawe, aliyekuwa na sanduku la bati limejaa riwaya kuukuu: za wapelelezi, za majambazi, za watu wanaotafuta dhahabu jangwani wakarudi na kovu. Kila Jumapili saa nane, vijana wa mtaa pale Gulele walikuja kurudisha kitabu, kuchukua kingine, na kubishana mpaka jirani agonge ukuta. Kirubel alipopata kazi mji wa mbali, Hawassa, baada ya Pasaka, alibeba nguo zake akaliacha sanduku chini ya kitanda cha mama yake. "Usiwakatie, mama. Wana kelele, lakini kelele yao nzuri." Maneno hayo ni rahisi ukiwa unakwenda kulala Hawassa.

Tangu aondoke, usingizi nao ulihama. Mama Askale alijilaza amechoka mifupa yote, na macho yakabaki wazi yakihesabu mabati. Alijiambia dawa ni Jumapili yake. Arudishiwe Jumapili yake, basi.

Siku yenyewe ikafika na mvua yake ya Agosti. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akawasha ubani, akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa akakaanga buni. Moshi ulipopanda, wakaanza kuingia mmoja mmoja, viatu mkononi kwa tope. Walikuwa kumi na wawili kwenye chumba cha watu watano. Siku za kawaida wangeingia wakisukumana. Leo waliingia kama watu waliokuja matangani, kila mmoja akimbusu shavuni mara tatu badala ya moja.

Ni Tiru huyo, alisema moyoni.

Aliyeongoza kikao, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa Netsanet, binti wa miaka kumi na sita, mwenye daftari na sauti ya mwalimu mkuu. Mpinzani wake wa kudumu alikuwa Ermias, kijana mrefu wa karakana ya pikipiki, kucha zake nyeusi kwa oili, aliyesoma kwa kasi akaruka kurasa ambazo hakuna anayekimbia. Na mdogo wao wote alikuwa Bizu, miaka kumi na moja, aliyekuwa na tabia mbaya kuliko zote: kusoma ukurasa wa mwisho kwanza.

Wiki hiyo tabia yake haikumsaidia. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, na kurasa kumi na mbili za mwisho zilikuwa zimeng'olewa na mchuuzi wa sokoni akafungia pilipili. Humo, tajiri mmoja wa biashara ya ngozi alikutwa amekufa ghalani kwake. Mpelelezi anawakusanya watu wote sebuleni, anakohoa, anasema, "Muuaji ni…" na hapo kitabu kinakatika. Kumi na wawili hao walikuwa wamekipokezana mwezi mzima.

Mama Askale alimimina duru ya kwanza, kali, kutoka kwenye jebena yake, birika jeusi la udongo. Watu wakanywa, wakasifu.

"Haya," alisema Netsanet. "Kila mtu aseme muuaji nani, na kwa nini. Si 'nahisi tu'. Ermias, umesikia? Si 'nahisi tu'."

"Dereva wa lori," alisema Ermias. "Kwisha. Mtu gani asiye na hatia anateremka lile bonde la Abay bila breki, na polisi nyuma, na daraja limezama? Ile sura ya tisa niliisoma nimesimama. Bosi akaniuliza, we, hiyo pikipiki inajitengeneza?"

"Kukimbia si ushahidi."

"Kwenye kitabu ni ushahidi. Mwandishi hatumii petroli yote hiyo bure."

Wakacheka. Netsanet hakucheka. "Wewe ukipewa kitabu cha watu wamekaa wanafikiri, unalala. Ukipewa mtu anaruka kutoka kwenye treni, unasema kitabu kitamu. Hata kama mwandishi amesahau kwa nini aliruka."

"Na wewe unasoma kama karani wa mahakama, dada. Saa ngapi, mlango upi, kofia ya nani. Hujawahi kuogopa hata siku moja."

"Naogopa. Naogopa nitakuwa nimekaa na wewe mpaka nizeeke."

"Mimi simpendi mpelelezi," Bizu akaingilia. "Sura kumi na nne hajala kitu. Mtu hali, hachoki, haendi msalani. Mtu gani huyo? Na mbwa wa ghalani alikwenda wapi? Sura ya pili yupo, sura ya tatu hayupo. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mbwa."

"Mbwa si mshukiwa, Bizu."

"Mbwa alikuwa pale! Ninyi mlikuwa pale?"

Mama Askale alimimina duru ya pili. Mgongo ulimuuma kwa kuinama. Mara moja hii na mara moja nyingine, alijiambia, halafu nitasema, halafu watakwenda. Yeye hakuwahi kusoma hata kimoja cha vile vitabu. Barua za kanisani zilimtosha kwa kusoma. Lakini miaka minne aliyokaa nyuma ya jebena ile alisikia vifo vingi kuliko padri.

Akangoja wanywe. Mabishano yakapamba moto. Netsanet akasimamia ndugu wa marehemu, kwa kuwa ndugu huyo alijua ghala lina mlango wa nyuma. Ermias akasimama na dereva wake. Wengine wakagawanyika, wakahama pande, wakaitana wasaliti. Alipochungulia finjani za watu ili akamimine ya tatu, zilikuwa zimejaa.

"Kunyweni, zinapoa."

"Ya moto bado, mama," alisema Ermias, akipuliza finjani iliyokuwa imepoa kitambo.

Akangoja tena. Mtu akainua finjani, akaigusisha mdomoni, akairudisha pale pale. Mwingine hivyo hivyo. Bizu, ambaye kahawa yake huwa sukari tupu na huimaliza kwa dakika, alikuwa ameifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha kifaranga.

Hapo ndipo Mama Askale alipoelewa, na kidogo acheke. Mashetani hawa! Kahawa ya tatu ndiyo baraka. Haimiminwi wakati ya pili imo kwenye finjani, na kikao hakivunjwi kabla yake. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema anayetamka habari ya kuachana katikati ya kahawa anaitoa baraka nyumbani mwake kwa mikono yake mwenyewe. Watoto walilijua hilo kama anavyolijua yeye, na Tirunesh amewapa sehemu iliyobaki. Wangekaa na finjani zilizojaa mpaka Krismasi.

Angekasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu. Akajikokota hadi kwenye kiti cha Kirubel pembeni ya mlango, kile chenye mto, akanyoosha miguu. Nitawashinda kwa kukaa, aliwaza. Kibofu cha mmoja wao kitasalimu amri.

"Msikilizeni mjane wa marehemu," Netsanet alikuwa akisoma. "Yeye hawezi. Yeye yuko jikoni. Hapa: 'Nilikuwa nimetia buni jikoni nikizikaanga niliposikia yowe. Sikuondoka hata hatua.' Na mpelelezi anafika palepale, anamkuta hapo hapo. 'Akammiminia kahawa, akainywa kwa mkupuo mmoja, akashukuru, akatoka.' Mjane ameshatoka. Mfuteni."

"Nimemfuta zamani," alisema Ermias. "Hana hata mbio."

Mama Askale alikuwa amefumba macho. "Soma tena hapo," alisema.

Chumba kikageuka kumtazama. Miaka minne hakuwahi kusema neno juu ya kitabu.

Netsanet akasoma tena, polepole.

"Yowe lilipolia buni ziko kwenye kikaango," alisema Mama Askale, bila kufumbua. "Mpelelezi akafika palepale. Kahawa aliyonywa ilitoka wapi? Buni hazijaiva, hajatwanga, hajachemsha maji, jebena haijatulia. Hiyo kahawa ilikuwa imepikwa zamani, na alikuwa anainywa na mtu. Huyo mama mwongo. Kaua, au anamjua aliyeua."

Nyumba ikalipuka. Ermias aliruka akagonga kichwa kwenye rafu. Netsanet akalipekua daftari lake akipiga kelele, "Ukurasa wa arobaini! Ukurasa wa arobaini kuna finjani mbili! Finjani mbili, na mimi niliandika, niliandika hapa nikapita!" Mtu akasema wamepoteza mwezi mzima na mama alikuwa pale pale kwenye kigoda. Mtu mwingine akasema mwandishi ni mwanaume, hajawahi kupika kahawa, amekosea tu; wakamrukia, wakagawanyika upya, mwandishi ni mjanja au ni mjinga, na kama ni mjinga je, mjane bado ana hatia? Bizu alisimama juu ya sanduku la Kirubel akitangaza kwamba basi mbwa alikuwa wa mjane, ndiyo maana hakubweka. Jirani akagonga ukuta. Hakuna aliyemsikia.

Na katikati ya tufani hiyo, mdomo wazi kidogo, mkono umeanguka pembeni ya kiti, Mama Askale akalala.

Alilala usingizi mzito usio na ndoto, ambao hakuuonja tangu Pasaka.

Kilichomwamsha ni ukimya.

Alifumbua macho. Mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka manjano; mvua imekatika. Kulikuwa na shuka lake juu ya magoti, na vijana kumi na wawili walikaa sakafuni kwenye majani wakimtazama, Netsanet amejiwekea kidole mdomoni, Ermias amemziba Bizu mdomo kwa kiganja chake chote chenye oili.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Ulikuwa umelala, mama," Netsanet alinong'ona. "Saa mbili nzima. Tulikuwa tunapiga kelele hatukujua. Bizu ndiye aliyekuona. Tukanyamaza."

"Lini mmenyamaza?"

"Sasa hivi. Dakika moja."

Mama Askale akatazama dirisha, akatazama shuka. Akajaribu kuipata ile hasira aliyokuwa ameitunza tangu Jumatatu, akakuta mahali pake pana njaa kidogo. Miguu ilikuwa ingali imevimba. Mgongo vile vile. Unga wa kesho ulikuwa unachacha kwenye pipa nyuma ya nyumba, nao haujui kwamba kuna Jumapili.

Akainuka, akaitazama jebena. Maji ya tatu yalikuwa yamechemka yakapungua, meusi kama wino.

"Mwageni hizo," alisema. "Mnanywa maji ya kuoshea vyombo. Mwageni, nimimine."

Hakuna aliyesogea.

"Mama," alisema Ermias, na sauti yake, inayopiga kelele kuliko pikipiki, ilikuwa ndogo. "Tukinywa, utasema."

"Nitasema."

Wakatazamana. Netsanet akaimwaga yake kwanza kwenye ndoo, mgongo umenyooka kama mtu anayetia sahihi. Wengine wakafuata. Bizu alikuwa wa mwisho, macho yamejaa machozi. Mama Askale akamimina duru ya baraka, finjani kwa finjani, bila kuinua mdomo wa jebena katikati. Wakanywa. Ilikuwa chungu mno, na hakuna aliyekunja uso.

Akaketi. Yale maneno ya wiki nzima yalikuwa yangali pale, yamebanwa kwa meno.

"Mimi ni mtu aliyechoka," alisema. "Hilo mlijue. Sitakaanga tena buni, sitatwanga, sitaosha finjani hata moja. Anayekuja Jumapili aje na kiganja chake cha buni, na mtapika wenyewe. Ermias atatwanga, ana mabega ya bure. Mimi nitakaa hapa kwenye kiti cha Kirubel."

"Kutusikiliza?" aliuliza Bizu.

"Kulala."

"Basi tutakuwa tunanong'ona, mama," alisema Netsanet haraka. "Naapa. Nitawasimamia."

"We msichana na akili zako zote!" Mama Askale akajivuta shuka mabegani. "Atakayenong'ona nitamtoa nje kwenye tope. Haya, huyo mbwa. Mbwa alikwenda wapi?"

Wakaanza taratibu, kwa aibu, halafu si kwa aibu. Baadaye, Mama Askale alipofika nyuma ya nyumba kuukoroga unga wa kesho, akijishika kiuno, alimsikia Ermias kupitia ukuta wa udongo akiapa kwa watakatifu wote kwamba mbwa alikuwa ndani ya lile lori, na Netsanet akimuuliza ni ukurasa gani.