Dakika Kumi za Hemi

Merrin Tulloch aliitazama kompyuta mpya kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Dude jeusi, linang'aa, linavuma chini ya meza, na tangu Jumatatu halijamfanyia lolote la maana. Programu yake ya kukadiria paua, wale konokono wa baharini wanaowapa riziki wapiga mbizi wa mji wa pwani wa Kaikōura, ilikuwa ikimaliza kazi kwa dakika arobaini kwenye kompyuta kuukuu iliyojaa makombo ya biskuti katikati ya vitufe. Kwenye hili dude ilichukua saa sita. Saa sita nzima! Hata kusonya alikuwa ameshachoka.

Na leo ilikuwa Ijumaa. Lachie Purvis, bosi wa ofisi yao hapo Christchurch, alishasema wazi kwamba ikifika jioni programu haijaweza kumaliza kazi ndani ya saa moja, atanunua nyingine iliyo tayari kutoka Sydney, na hiyo ya Merrin, miaka kumi na tisa ya maisha yake, itatupwa. Aliyasema hayo huku anatafuna pai ya nyama, mchuzi unamchuruzika kidevuni, na Merrin hakujua kilichomtia kichefuchefu zaidi ni maneno au ni kidevu.

Alikuwa amelaumu kila kitu na kila mtu. Aliilaumu R, lugha ya kompyuta aliyoandikia programu, akaifuta na kuiweka upya mara tatu. Akawalaumu waliouza kompyuta. Akaishia kwa Viliami, fundi wa ofisi, Mtonga wa visiwani, mpole, mwenye mikono mikubwa, ambaye aliyasikiliza makaripio yote mpaka yakaisha, ndipo akavuta kiti.

"Mama, tusibishane," alisema. "Tuipime."

Akaipa R hesabu tupu, ndefu, isiyoandika kitu popote. Kompyuta mpya ikaimaliza kwa robo ya muda wa ile kuukuu. Basi lugha haikuwa na kosa. Akaiambia sasa iandike vifaili elfu moja vidogovidogo, kama programu ya Merrin inavyofanya kila inapomaliza duru moja ya hesabu. Hapo ndipo ikaanza kujikokota.

Viliami akafungua mipangilio, akaguna. Kila faili lililoandikwa lilisubiri kwanza nakala yake ifike kwenye hifadhi iliyoko mji wa mbali wa Hamilton, ndipo linalofuata liruhusiwe.

"Ni ile amri ya tetemeko, mama. Kompyuta zote za ofisi zinayo."

Merrin aliijua amri hiyo, maana aliitunga mwenyewe. Baada ya tetemeko la 2011 jengo lao lilizungushiwa uzio, watu wazima wakasimama nje wakililia kazi yao iliyobaki ndani, naye akaapa kwamba hakuna faili litakalokaa Christchurch peke yake hata sekunde moja.

"Mbona ile yangu ya zamani haikuwa hivi?" aliuliza, na kabla hajamaliza kuuliza alishajua.

"Ile uliizima. Wiki ya kwanza tu. Imeandikwa hapa, na jina lako."

Loo, mtu mzima hovyo! Aliizima kwa sababu ilimchelewesha, akajiambia ni kwa siku mbili tatu, akasahau. Wenzake wakaburuta mzigo miaka nenda miaka rudi, yeye anapita mbio na kuwaita wavivu. Ndipo akamkumbuka Hemi.

Hemi Paraone, mnyamavu, mzaliwa wa familia ya wapiga mbizi kule Kaikōura, aliwaletea programu yake mwenyewe ya paua miaka mitatu iliyopita. Ilipojaribiwa ofisini, kwenye kompyuta yenye ile amri, ilichukua saa tano. Akasema nyumbani kwake inachukua dakika kumi. Merrin alimwambia mbele ya mkutano mzima awaletee na hiyo saa ya kwao inayogeuza saa tano kuwa dakika kumi, waitundike ukutani. Watu wakacheka mpaka machozi. Hemi aliacha kazi kabla ya Krismasi, na sasa anapaka mashua rangi.

Viliami alihamishia mafaili ya Merrin kwenye folda isiyoguswa na amri, nakala itumwe mara moja tu kazi ikiisha. Programu ikamaliza kwa dakika kumi na mbili. Lachie akaja, akatazama, akasema ameridhika, haitatupwa, akampiga Merrin begani kwa mkono unaonuka pai. Merrin hakuona furaha yoyote. Alijiona mchafu mwili mzima.

"Programu ya Hemi bado ipo?" aliuliza.

Ilikuwepo. Akamwomba Viliami aiendeshe kwenye kompyuta kuukuu, isije ikaonekana imependelewa, kwa takwimu zilezile. Walisimama wote watatu wakiitazama. Ilipomaliza, Merrin aliisoma saa mara mbili, kisha akamgeukia bosi wake.

"Tutumie hii," alisema. "Yangu itupe."

Akampigia Hemi palepale. Alimweleza yote bila kujipamba: ile amri, jinsi alivyojiondoa mwenyewe, na aibu aliyomvika mbele ya watu. Kwenye simu ulisikika msasa ukisugua ubao, kisha ukanyamaza.

"Imechukua muda gani?" Hemi aliuliza.

"Dakika kumi."

"Nilikwambia," alisema Hemi, na msasa ukaanza tena kabla simu haijakatika.