Mayai Yasiyo na Jogoo

"Wewe lala. Moto kufa. Yai kufa," alisema Dokta Holbrook, akaigonga mashine ya kuangulia mayai kwa kiko chake.

"Moto haukufa," alisema Tabea. "Karatasi ya joto hii hapa. Kila saa nimeandika."

"Karatasi andika uongo."

Dokta Holbrook alikuwa amekaa Tanganyika miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake bado kilikuwa cha kumwamrisha mpishi. Sayansi aliifundisha kwa Kiingereza. Kufoka alifoka kwa Kiswahili, ili kusipotee njiani.

Ilikuwa Julai 1957. Mafua makali yalikuwa yamepanda Meru, yakafunga shule, yakalaza nyumba nzima nzima. Serikali ilitaka kirusi chake kikamatwe. Holbrook alipewa chumba kimoja mjini Arusha, mashine inayopashwa joto kwa taa ya mafuta, na Waafrika wawili wa kufundisha: Tabea, dresa wa kufunga vidonda kutoka Nkoaranga, na Yoeli, kijana wa tai ambaye hakuna aliyewahi kumwona na mikono iliyolowa.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Mgonjwa anasukutua koo na kutema. Maji yale yanadungwa ndani ya yai lenye kifaranga cha siku kumi hivi, kwa sababu kirusi hakikui ila ndani ya kitu kilicho hai. Mara tatu walikuwa wamedunga. Mara tatu hakikuota kitu. Sasa ilibaki chupa moja ya maji ya koo, kwenye barafu iliyokuwa inayeyuka.

Tabea alipasua yai moja kwenye sahani. Kiini cha njano, ute, basi.

"Tazama, Dokta. Kifaranga kikifa kwa baridi huacha damu. Hapa hakuna hata tone. Hili halikuanza. Huyo rafiki yako wa shambani ana majogoo wangapi?"

"Dada Tabea!" Yoeli alishtuka. "Usimwulize Bwana Dokta habari za majogoo."

Mayai yalitoka kwa rafiki wa Holbrook, mwenye shamba kubwa. Yalikuja meupe, yameoshwa, yamepangwa kwenye pumba za mbao kama vikombe vya harusi. Mayai safi hivyo, Holbrook alikuwa amesema, hayahitaji kumulikwa kwa taa yaonekane ndani. Mayai ya wenyeji hakutaka hata yavuke kizingiti.

Holbrook hakulitazama lile yai. Alimtazama Tabea, halafu saa yake.

"Saa kumi mimi andika barua. Mafunzo kwisha. Mwafrika hapana weza kazi hii."

Akaenda kula chakula cha mchana.

"Mwombe radhi tu," alisema Yoeli. "Sema ulisinzia. Atapoa."

"Nikisema nilisinzia, ataandika kwamba tunasinzia. Na atakayekuja nyuma yangu atakuta imeandikwa."

"Sasa utafanyaje?"

Tabea alikwisha kuchukua kikapu. Alitia mayai meupe mawili, akatoka.

Namnyaki, mwenye nyumba wake, alikuwa uani karibu na mto Themi, anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

"Yule kuku wako mwekundu, leo siku ya ngapi anaatamia?"

"Ya kumi na moja."

"Nipe mayai yake."

"Yaliyoatamiwa? Utayala?"

"Nitayatia mafua."

Namnyaki alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Watu wa Nkoaranga! Sasa kuku naye atoke kamasi?"

"Mama, sina muda. Saa kumi nafukuzwa kazi." Tabea akatoa yale mayai meupe. "Kuku nimemletea haya alalie, asihuzunike."

Namnyaki aliliinua moja mwangani, akaligeuza. "Yana baba?"

"Hayana."

"Mwenyewe hajui?"

"Amesoma Uingereza."

"Maskini." Namnyaki alilirudisha kikapuni kwa ncha za vidole. "Kuku wangu hadanganywi na vyombo. Chukua tisa, uniachie mawili. Na huyo Mzungu wako akiuliza, mwambie jogoo ni yule pale, aje amwamkie."

Tabea aliyafunga mayai katika kanga, akayabana tumboni chini ya sweta. Ukungu ulikuwa umeushukia mji, Meru haionekani hata mabega yake. Alitembea kama mjamzito wa mwezi wa tisa, na waliompisha njia walimpisha kwa heshima.

Alimkuta Yoeli pale pale, amekaa.

Tabea alifunga dirisha. Aliwasha tochi ndani ya boksi la viatu lililotobolewa, akaweka yai la kwanza juu ya tundu. Mishipa myekundu ilitanda kotekote, myembamba kuliko nywele, na katikati kitu cheusi kidogo kikarusha mguu.

Yoeli aliinama. Akalegeza tai.

"Bwana hajaruhusu," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Ukiimaliza chupa ile bila ruhusa, hutafukuzwa tu. Utashtakiwa."

Tabea aliitazama chupa. Barafu ilikuwa maji matupu. Kesho isingefaa kitu.

"Vua koti," alisema. "Nawa mpaka kwenye viwiko. Nitoboe, wewe uzibe. Umewahi kuziba?"

"Sijawahi."

"Mwezi mzima wa mafunzo! Tone moja la nta, usibonyeze."

Akatoboa. Akadunga. Nta ya kwanza ya Yoeli ilimwagika mpaka mezani, ya pili ikakaa vizuri. Yai moja moja liliingia kwenye mashine. Nane yalikuwa yameshaingia mlango ulipofunguliwa.

Holbrook alisimama kizingitini na barua mkononi. Baridi ya mlimani ilimpita ikaingia, na moto wa mashine ukalala upande.

"Funga mlango, Dokta," alisema Tabea bila kugeuka. "Utaua moto."

Alichota tone la mwisho la chupa, akalidunga. Yoeli aliziba. Kisha, Holbrook akitazama, Tabea akaliweka yai la tisa juu ya tochi aone kama kifaranga bado kiko hai, na ndani ya wekundu ule kile kitu kidogo kikajigeuza, kikaupa mwanga mgongo.