Pikipiki Haitumwi kwa Mgonjwa

Pikipiki ilikuwa ya Walji mwenye duka, lakini aliyejua kuipiga kiki ikawaka ni mie, Msellem. Wete nzima ilijua hivyo, na Walji mwenyewe alijua, maana siku aliyojaribu kuipanda aliingia nayo dukani kwake akapasua magunia ya mchele. Basi Bi Mwatima alipozidiwa, Walji hakuwa na maneno mengi. Alinijazia petroli akasema bibi yule ndiye aliyemwuguza mkewe Zohrabai, nende popote atakaponituma.

Bi Mwatima alikuwa jirani yetu pale Jadida, mjane, na ulimi wake wembe. Nilimkuta kitandani kabaki ngozi na mifupa, lakini ulimi haukuugua. Aliniambia moshi wa dude langu umemkohoza miaka, leo angalau lifanye la maana. Alitaka aletewe mwanawe Bakar kutoka Wambaa. Bakar huyo alimwoa Mize, binti wa wavuvi wa huko, bila kumtaka shauri mama yake, na Bi Mwatima akamtamkia mbele za watu kwamba hana radhi naye. Tangu siku ile Bakar hakukanyaga Wete. Sasa mama mtu anaiona safari yake imekaribia, na neno lile bado liko juu ya kichwa cha mtoto.

"Mlete nikiwa na pumzi," akasema. "Nikifa sijalifuta, atakwenda nalo kaburini."

Ilikuwa masika, na masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Mpaka Chake nilikwenda vizuri. Hapo nikaambiwa daraja la njia ya kusini limechukuliwa na maji, nizunguke Pujini. Njia gani ya Pujini! Njia za ng'ombe, udongo mwekundu unaoteleza kama bamia, na mizizi ya mikarafuu imejitokeza kila hatua. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Kwenye kijito kimoja maji yalinifika kiunoni, nikaikokota pikipiki hadi ng'ambo, ikakataa kuwaka. Nikafungua plagi, nikaifuta kwa upindo wa shuka, huku nikiitukana pikipiki, mvua na aliyemuuzia Walji chombo kile. Hakuna mtu wa kunisikia, nikatukana kwa raha zangu. Ilipowaka, nikamshukuru Mungu na kumwomba msamaha kwa pamoja.

Wambaa niliingia mchana, matope mpaka kwenye kope. Pikipiki kule ilikuwa bado kioja, watu wakatoka majumbani kabla sijaizima. Bakar alikuwa uani anashona wavu. Mkewe akanitolea kigoda, nikakataa kukaa. Akaniletea maji, nikakataa kunywa, kwa haraka niliyokuwa nayo. Nikasema, "Bakar, mamako mgonjwa, anakwita."

Wavu ukamtoka mikononi.

Mjinga mie! Kwetu Pemba mtu hapigwi na tanzia usoni. Anayetumwa husema fulani anaumwa kidogo, anakutaka, na mwenye msiba huujua ukweli akishafika akaona watu wamekaa. Hayo nimezaliwa nayo. Na mie nimekwenda mbio, na pikipiki ya watu, kigoda sitaki, maji sitaki, halafu nasema mgonjwa. Nani atume pikipiki mpaka Wambaa kwa mgonjwa?

Bakar akakaa chini mchangani. Alilia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti mwanzoni, kisha sauti ikaja. "Kafa hana radhi nami," akawa anasema, hana jingine. Mize naye akaangua kilio. Majirani wakajaa, na Shehe Mjaka wa msikiti wa pale akasoma inna lillahi. Nikasema jamani, bibi yu hai. Wakanitazama kwa huruma. Nikaapa wallahi. Shehe akanishika bega, akaniambia Mungu atanilipa, nimeifanya kazi yangu kama inavyotakiwa. Kila nikiapa, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba kafa.

Wakaanza kushauriana. Wete watazika leo hii, wakasema, maiti haingojeshwi, na kwa njia hizi Bakar hawahi. Bora apumzike, kesho waende wote pamoja kwenye matanga. Mtu mmoja akaenda kutafuta mchele wa kuchukua. Na mie nimesimama, najua kule Jadida mama anakata roho huku macho yake yako mlangoni.

Hapo hasira zikanipanda. Mie na hasira zangu si wageni.

"Sikilizeni!" nikasema. "Mamake huyu ni mjeuri! Leo asubuhi kanisimanga hata chai sijanywa. Mkorofi, ana inda, na ulimi wake upupu mtupu. Miaka yote mie jirani yake sijapata kusikia neno jema likitoka kinywani mwake!"

Shehe Mjaka akainua bakora, na haki ilikuwa yake. Bakar alikuwa keshasimama anijie. Mize ndiye aliyemshika mkono.

"Maiti hasemwi hivi," akasema. "Hata mwehu hamsemi maiti hivi. Bakar, mamako yu hai. Panda."

Akapanda. Tulirudi kwa njia ileile, yeye nyuma kanikumbatia kiuno, na tulipoanguka tulianguka pamoja. Hakunisemesha njia nzima, nami nilimwona ana haki.

Tulipofika Jadida jua lilikuwa linazama. Bi Mwatima alikuwa hai, pumzi zinahesabika. Bakar alipiga magoti pale kitandani, kichwa chini. Mama akamtazama, kisha akanigeukia mie, akauliza mbona tumechelewa. Sikuwa na nguvu za kupamba maneno. Nikamwambia kule walidhani keshakufa.



"Alilia?" akaniuliza. Aliniuliza mie, si mwanawe.

"Alilia, Bi Mwatima. Alikaa mchangani akalia mbele za watu."

Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukapapasa mpaka ukafika kichwani kwa Bakar. "Nimekuwia radhi," akasema, "duniani na akhera." Bakar akaubusu ule mkono, na mie nikaanza kurudi nyuma niwaachie chumba chao. Akaniita.

"Na yule mwanamke?"

"Naye alilia. Na ndiye aliyempandisha pikipiki."

Alifumba macho, nikadhani ndiyo basi. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi.

"Kamlete," akasema.