Fishi ya Mama Denise

Tangu direkta mpya wa shule afike, Mama Denise hakuwa na amani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha darasa la nne katika shule ile ya Kalemie, na hakuna mkubwa aliyewahi kukaa nyuma ya darasa lake zaidi ya dakika kumi. Direkta Adalbert, aliyehamia kutoka Kabalo, alikaa saa nzima. Somo lilipoisha, aliita watoto watatu nje, akawauliza kitu kwa sauti ya chini, akaandika kwenye daftari la kijani, akaenda zake.

"Amewauliza nini?" Mama Denise alimdaka Lydie, msichana wa dawati la mbele.

"Anauliza, leo mwalimu alitaka mujue kufanya nini."

"Na wewe ulisema nini?"

Lydie aliinamisha kichwa. "Nilisema, hesabu."

Habari nyingine zilikuwa zimeshaenea: madarasa mawili ya nne yataunganishwa, na mwalimu mmoja atapelekwa shule ya Zongwe, mbali na mji. Mwalimu wa lile la pili, Achille, alikuwa akicheka na direkta kila asubuhi.

Jumanne, Mama Denise alipeleka fishi zake, karatasi za kupanga kila somo, bironi kwa direkta zitiwe sahihi. Hakukuta mtu. Daftari la kijani lilikuwa juu ya meza, akalifungua. Jina lake lilikuwa juu, chini yake majina ya watoto wake, na mbele ya kila jina: hajui, hajui, hajui.

"Mama Denise."

Direkta alikuwa mlangoni na katoni ya chaki mikononi.

Mama Denise hakurudi nyuma. "Papa Direkta, makosa yangu unamukusanyia nani?"

"Inspekta anakuja Ijumaa. Ataniuliza watoto wanajua nini. Fishi yako inaandika 'mutoto afahamu vipimo'. Huko kufahamu, mimi nitakuona wapi?"

"Na ya Achille inaandika nini?"

Direkta alianza kupanga chaki kabatini.

Basi nitamwandikia kitu asichoweza kukipindua, Mama Denise aliwaza. Kesho yake fishi ilisema: mwisho wa somo, kila mtoto, peke yake, atapima urefu wa dawati lake na kuandika jibu kwa sentimita. Aliinakili mara mbili, moja ya direkta, moja ya mkoba wake. Akaazima tepu sita kwa Zainabu, fundi cherehani jirani yake.

Watoto walikuwa arobaini na wanne, na madawati yote yalikuwa na urefu mmoja, sentimita mia na ishirini. Ishirini na tisa walipata. Mmoja aliandika kumi na mbili. Kumi na wanne waliandika mia na ishirini na moja.

Mama Denise alimtazama direkta, aliyekuwa amekaa tena nyuma ya darasa. Watoto kumi na wanne wakosee kosa moja bila mtu kuwanong'oneza? Alimwita Lydie, naye alikuwa mmojawapo, apime tena mbele yake. Lydie alibana namba moja ya tepu, si ncha yake, kwenye ukingo wa dawati, akaivuta.

"Kwa nini unaanzia hapo?"

"Mwalimu, kuhesabu tunaanza na moja."

Uso ulimwaka. Miaka yote alikuwa akiandika majibu ubaoni, wao wakinakili. Hakuwahi kuwaona wakipima.

Aliandika kwenye fishi zote mbili: ishirini na tisa wanajua, kumi na tano bado, na majina yao. Akamsogezea direkta kalamu atie sahihi.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alhamisi alirudia somo na wale kumi na tano, tisa wakapata. Ijumaa, inspekta alipouliza, Achille alisema watoto wake wote wanajua kupima. Inspekta aliita watano; watatu walianzia moja. Mama Denise alimpa fishi yake, majina tisa yamekatwa, sita yamebaki. Mzee yule aliisoma kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wiki mbili baadaye barua ya inspekta ilifika. Mama Denise alibaki, na darasa la watoto themanini na mmoja. Direkta alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Niliwaambia, wewe njo wa kubaki."

Mchana Achille alikuja kuchukua vitabu vyake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, direkta aliniahidi. Alisema mimi njo nitabaki."

"Lini?"

"Jumatatu hii."

Mama Denise aligeuka kuangalia mlango wa biro. Ulikuwa umefungwa. Akabeba nusu ya vitabu vile, wakateremka pamoja mpaka barabarani.