Nani Hajarudi

Tekla wa Kimandolu alipanda hadi kijijini, magharibi ya Mlima Meru, na kadi zake ishirini za picha, saa ya kupimia muda, na kiburi kidogo cha mtu aliyemaliza chuo juzi. Ilikuwa mwaka tisini na sita. Bwana mifugo alikuwa amepunguzwa kazini, josho limefungwa, ndama wanakufa ovyo. Mradi ulitaka kumfundisha mwanakijiji mmoja kutibu mifugo, na kumchagua ilikuwa kazi ya Tekla. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kumbukumbu: unazitazama kadi dakika moja, zinafunikwa, unazitaja. Chini ya kumi, umekosa.

Nanyori, mama wa miaka hamsini, aliitaka nafasi ile kuliko wote. Ndama wake sita walikuwa wamekufa mikononi mwake. Alitaja kadi nne.

"Basi, mama?"

"Basi, mwanangu. Nyingine sizioni."

Tekla akaandika nne, roho ikimuuma. Jioni, ng'ombe wa boma zima walipoanza kurudi, akaona apoze mambo kwa maongezi.

"Mna ng'ombe wangapi, mama?"

Nanyori alimkata jicho. "Ng'ombe hawahesabiwi! Unataka waishe?"

Tekla akanywea. Ng'ombe wakapita langoni wakisukumana, vumbi tupu, mia na zaidi. Nanyori alisimama tu, hata mdomo hakuuchezesha. Wa mwisho alipoingia, akawapigia kelele wachungaji: "Yule wa baka jeupe begani hajarudi! Mtoto wa yule aliyevunjika pembe!"

Wakamkuta korongoni, mguu umenasa.

"Umejuaje?" Tekla aliuliza.

"Nimeona pengo lake."

Tekla akamwomba afumbe macho awataje waliobaki. Nanyori akawataja kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao na bibi zao, bila kukwama, mpaka Tekla akaacha kuandika. Hakuwahi kukaa karibu na akili kubwa namna ile, na asubuhi alikuwa ameipa nne!

Akatoa kadi. "Mama, hizi ndizo ng'ombe wako. Watazame." Akamwonyesha zote ishirini. "Sasa wanarudi nyumbani." Akazipitisha mojamoja, tatu amezificha chini ya kanga.

"Kijiko hajarudi," Nanyori akasema papo hapo. "Na pasi. Na yule mwavuli."

Wakarudia mara tano, kila mara zikifichwa nyingine. Hakukosea hata moja.

"Jumatatu uje Usa River, mama. Mafunzo ni yako."

Nanyori alijifuta macho kwa shuka, kisha akacheka. "Na wewe sasa. Ng'ombe wote wamepita mbele yako. Nitajie mmoja tu."

Tekla alikuwa ameona pembe na vumbi tu.

Akaifuta ile nne, akaandika ishirini, na chini yake akaeleza kwa kirefu alivyopima. Halafu akachukua fomu mpya, akaandika jina lake mwenyewe, na mbele yake akaweka sifuri.