Magunia Yasiyo na Nzi

Kilichomtia shaka Mama Pasi hakikuwa moshi wala mvuke. Walikuwa nzi, au tuseme kukosekana kwa nzi. Kwa siku nane magunia ya taka za sokoni yalikuwa yakishushwa nyuma ya jengo la kufulia la hospitali huku yakivuja maji meusi, na nzi wakiyafuata kama waliopewa kadi za mwaliko. Siku ya tisa lori lilileta magunia makavu, yameshonwa midomo kwa uzi mweupe, na hakuna nzi hata mmoja aliyehangaika nayo. Mama Pasi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akayatazama yakipangwa ukutani. Machale yakamcheza.

Alikuwa msimamizi wa ufuaji hospitalini hapo kwa miaka ishirini na mmoja. Wauguzi walimwita Mama Pasi kwa sababu shuka lililopita mikononi mwake halikubaki na mkunjo, na kwa sababu nyingine ambayo hawakuthubutu kuisema mbele yake, kwamba maneno yake nayo yalikuwa ya moto. Mashine zake za kufulia na mapasi yake makubwa yalitegemea mvuke, mvuke ulitegemea boila, na boila ilitegemea dizeli, ambayo kila mwisho wa mwezi ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo mganga mkuu alipotangaza kwamba kampuni moja changa ingefunga mtambo wa kuchoma takataka na kutoa mvuke, na kwamba ungejaribiwa siku thelathini bure, Mama Pasi alifurahi kama wengine. Furaha ilimkauka alipojua mwenye kampuni ni nani. Alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Siku hiyo hiyo alimwendea mganga mkuu akamweleza, asije akaambiwa baadaye kwamba alificha. Yeye ndiye aliyepangiwa kujaza daftari la majaribio kila jioni: mvuke ulikuwaje, mashuka yalitokaje, mtambo ulisimama mara ngapi. Siku zikitimia, daftari lingepelekwa kwa mnunuzi aliyekuwa tayari kuagiza mitambo minane kwa ajili ya hospitali nane. Mganga mkuu alicheka. Alisema hajaona mkaguzi mwenye jicho kali kwa kijana wa watu kumshinda mama mkwe wake, basi daftari libaki lilipo.

Hapo hakukosea. Kijana alikuwa na adabu zake zote, akimwamkia mama mkwe kwa kuinama na kutomkazia macho, lakini mdomo wake ulikuwa mtamu kupita kiasi. Kabla ya mtambo huu alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, ambayo iliishia kuchemsha mayai. Kabla ya hapo alikuwa na taa za jua zilizowaka vizuri sana, ila mchana. Na kila mara binti alimfuata nyuma. Safari hii alikuwa ameacha hata kazi ya ualimu, kazi ya uhakika, akaenda kushika ofisi ya kampuni. Mama Pasi hakuwa na shaka hata chembe kwamba mwanawe alikuwa amejazwa maneno.

Basi, tangu siku hiyo ya tisa, kipimo cha mvuke kilichokuwa kikitetemeka chini wiki nzima kilipanda kikatulia juu. Mashuka yalitoka makavu. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakawa wanamaliza kazi mapema na kukaa kivulini. Watu waliopita walimpongeza kwa kupata mkwe mwenye akili, naye aliitikia kwa kichwa. Jioni aliandika katika daftari, "Mvuke mzuri," kisha akayatazama maneno hayo kwa muda mrefu, kama vile yameandikwa na mtu mwingine.

Alimuuliza Fundi Moshi, mzee aliyekuwa akiilisha boila tangu wote wawili walipoajiriwa, na sasa ndiye aliyeulisha mtambo. Fundi Moshi alisema yeye kazi yake ni kutia gunia tanuruni, kilichomo ndani ni shauri la wenye mali. Alilisema hilo akitazama chini, na Mama Pasi naye akatazama chini, akaona mabuti mapya, mazito, yenye soli nene. Aliuliza yametoka wapi. Mzee akajibu kwamba amepewa na mkwewe Mama Pasi. Mama Pasi aliondoka akijiambia kwamba rafiki wa miaka ishirini na mmoja amenunuliwa kwa jozi moja ya mabuti.

Kuanzia hapo kila kitu kilimtia wasiwasi. Dereva wa lori akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza kwa nini. Mkwe akija na kompyuta yake na kuzunguka mtambo, alimfuata kwa macho kutoka dirisha la chumba cha kukunjia. Alichungulia hata majivu. Wiki ya kwanza yalikuwa mazito, yenye mchanga na mabonge meusi kama mawe. Sasa yalikuwa mepesi, ya kijivu cheupe, na upepo kidogo tu uliyapeperusha. Mtu aliyelelewa akipika kwa kuni, makaa na karatasi hahitaji kufundishwa majivu. Lakini pia alijijua. Usiku aliposali aliomba aonyeshwe kama anachokitilia shaka ni moto au ni mwenye moto, kwa maana kumchukia mkwe lilikuwa jambo alilolizoea, na jambo la mazoea halitoi ushahidi.

Siku ya kumi na nane, wenzake walipokwenda kula mchana, alichukua kimkasi alichotumia kufumulia mapindo ya mashuka, akaenda nyuma ya jengo. Alichagua gunia la katikati, akafumua mshono inchi chache, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu kulikuwa na maganda makavu machache, ya kuzugia. Chini yake kulikuwa na maboksi yaliyokatwakatwa vipande vidogo, vingine vikiwa bado na herufi za bluu za kiwanda cha rangi, yamechanganywa na maranda ya mbao. Alitia konzi moja ya vipande hivyo katika mkoba wake. Kisha akalishona gunia kwa uzi uleule na kwa mshono uleule, akarudi kazini akitazama nyuma kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake. Kwa heshima asingeweza kumkabili mkwe ana kwa ana na jambo kama hilo. Angezungumza na mwanawe, na mwanawe angejua la kufanya na mumewe. Binti alimkaribisha sebuleni, akashangaa kidogo kwamba hakupiga simu kwanza. Mezani kulikuwa na rundo la vipeperushi vyenye picha ya mtambo, na juu yake maneno makubwa: TAKA ZA SOKO, MVUKE WA HOSPITALI. Mama Pasi alifungua mkoba, akamimina vile vipande vya maboksi juu ya meza.

Binti alivitazama. Kisha, taratibu, akasogeza kipeperushi kimoja kikavifunika.

"Mumeo amekudanganya na wewe," mama akauliza, "au unajua?"

Kabla hajajibiwa, mkwe aliingia akitokea uani, mikono ikiwa na grisi. Aliinama kumwamkia mama mkwe, akakiona kipeperushi kilichobenuka na vipande vilivyochomoza pembeni, akabaki ameinama vilevile.

"Mama, kosa ni langu," alisema.

Mama Pasi alihisi kitu kinamtulia kifuani, kitu kilichofanana sana na raha, na papo hapo akaona haya. Hakupata muda wa kuiona vizuri hiyo haya.

"Si lake," binti alisema. "Yeye alitaka tusimamishe majaribio siku ya nane. Alishaandika na barua. Mimi ndiye niliyeichana, na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta maboksi."

Mama Pasi alimtazama mwanawe kama anayemwona mara ya kwanza. Miaka sita yote ya ndoa yao alikuwa ameelekeza tochi upande usio wake.

Walimweleza wakipokezana, na kwa mara ya kwanza mkwe hakuwa na maneno mengi. Mtambo ulikuwa unafanya kazi kweli, lakini taka za sokoni ni maji kuliko kitu kingine, na wiki ile ya kwanza mvua ilikuwa imezilowesha zaidi. Moto ulikuwa unazimia ndani ya tanuru. Walihitaji kikaushio, na kukijenga kungechukua miezi miwili au mitatu, wakati mnunuzi alikuwa ametoa siku thelathini. Kwa maboksi, moto ulipanda. Lakini maboksi hayazagai bure sokoni, watu wa viwanda vya karatasi huyagombea, na hakuna hospitali ambayo ingeyapata kila siku. Mnunuzi angepokea mitambo minane, na mvua ya kwanza tu ingemwonyesha alichouziwa. Mama Pasi aliuliza pia kuhusu mabuti ya Fundi Moshi. Mkwe akaonekana kutoelewa swali. Alisema kila anayelisha tanuru lazima avae mabuti ya kuzuia makaa, ni sharti la usalama, hata dereva anayo.

"Wewe unajaza daftari, mama," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujitetea moyoni mara nyingi. "Unaulizwa mvuke. Mvuke ulikuwapo. Ungeandika mvuke tu, tukimaliza tunajenga kikaushio, na hakuna atakayeumia."

"Nimeandika uongo siku tisa nikidhani ni kweli," mama alisema. "Kesho nikiandika, nitakuwa nimekusudia."

Aliinuka. Aliwaambia kwamba anawapa mpaka saa nne asubuhi. Wakienda wenyewe kwa mganga mkuu, yeye hatakuwa na la kusema. Wasipokwenda, atakwenda yeye na mkoba wake. Binti hakumsindikiza. Mkwe ndiye aliyemfikisha getini.

Hakulala vizuri. Alfajiri wazo lilimjia na kumkaba: kwa nini wangoje saa nne, wakati wanaweza kuyaondoa magunia na kumgeuza yeye kuwa mwongo? Alifika kazini kabla ya zamu, na kweli, lori lilikuwa nyuma ya jengo, limewashwa, magunia yote yakiwa yamepakiwa. Mama Pasi hakufikiri mara mbili. Alikwenda akasimama mbele ya lori, katikati ya njia, na aproni yake.

Mkwe aliteremka. Alisema anayapeleka mbele ya ofisi ya mganga mkuu, ili yafunguliwe hapo mganga akiyaona kwa macho yake. Mama Pasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kupanda kando ya dereva. Toka hapo mpaka ofisini hapakufika hata mita mia. Alikaa mkoba ukiwa mapajani, macho yakiwa kwenye kioo cha pembeni, mpaka lori likasimama pale hasa mkwe aliposema litasimama. Mkwe alibisha hodi peke yake. Binti hakuja.

Mganga mkuu aliyakagua magunia matatu, akasimamisha majaribio, akamwandikia mnunuzi barua. Mnunuzi akafuta agizo. Baadaye mganga mkuu alimuuliza Mama Pasi, bila ukali, kwa nini ilichukua siku tisa zote mtu mwenye jicho kama lake kufumua gunia. Angeweza kujibu mengi. Alijibu kwamba alikuwa na haraka ya kumpata mkosaji aliyemchagua mwenyewe, akasahau kutazama mali. Kwa Fundi Moshi aliomba radhi kwa namna yake. Alimpelekea aproni mpya, akamwambia ile ya zamani inaaibisha idara.

Mtambo wenyewe uliruhusiwa kubaki, kwa kuwa mkwe aliomba, na safari hii aliomba kwa sentensi mbili tu. Kwa miezi mitatu alikuja kila siku, akajenga kikaushio kinachotumia joto la bomba la moshi. Majaribio yalipoanza upya, magunia yaliletwa midomo wazi na kupimwa mara mbili, yakiwa mabichi na yakiwa makavu. Mama Pasi aliandika alichokiona: mvuke unatosha kufulia, hautoshi kupigia pasi, na kwa pasi bado dizeli inahitajika. Mnunuzi alilisoma daftari hilo, akaja mwenyewe kutazama, akaagiza mitambo miwili badala ya minane.

Binti alimnunia mama yake miezi minne. Kisha mchana mmoja alitokea kwenye chumba cha kukunjia, akaketi kwenye benchi katikati ya marundo ya mashuka, akatoa kipeperushi kipya ambacho kilikuwa bado hakijaenda kiwandani kuchapwa. Hakuomba msamaha. Alisema tu anataka mtu akisome kabla. Mama Pasi alivaa miwani, akasoma neno kwa neno. Alipofika kwenye sentensi iliyosema mtambo unapunguza matumizi ya dizeli kwa nusu, aliomba kalamu, akalikata neno "nusu" na kuandika juu yake "theluthi."

Binti alibisha. Alisema zipo siku ambazo dizeli imepungua kwa nusu kabisa, na mama mwenyewe ndiye aliyeziandika.

"Basi andika ni siku zipi," mama alisema.

Binti alikaa kidogo na kalamu mkononi, akiwa amekunja uso kama alivyokuwa akikunja utotoni akishindwa hesabu. Halafu akaiacha theluthi ibaki, akauliza kama chai ipo. Walikunywa wakizungumza habari za ndugu na majirani, si za mtambo. Alipoaga, Mama Pasi aliomba aachiwe nakala moja yenye masahihisho. Aliifungia kabatini, ili vipeperushi vikirudi kutoka kiwandani aweze kuvilinganisha.